Kueleza habari za Hispania kwa Kiswahili: "presidente", "comunidad" na "billón" tunazisemaje?

Raskazone_Jioni (Tanga)

Salaam waungwana. Natayarisha kipindi cha redio cha dakika 15, kila Jumamosi, kinachoeleza habari za wiki kutoka Hispania. Wasikilizaji ni watu wa Tanga mjini, Pangani na Muheza. Barcelona na Real Madrid wanazijua mpaka wachezaji wa benchi, lakini nchi yenyewe inavyoongozwa hawajaelezwa. Kihispania nakisoma bila shida. Kazi inakuwa ngumu ninapokigeuza kuwa Kiswahili cha kusikilizwa mara moja, maana redioni hakuna kurudi juu kusoma tena.

Mambo manne yananikwamisha. "Presidente del Gobierno" nikimwita Rais, Mfalme namweka wapi? "Comunidad autónoma" ni mkoa, jimbo au nini? Habari za mahakama zina "investigado", "auto", "fallo" na "sentencia", na kamusi inaziangusha karibu zote kwenye neno moja. Halafu tarakimu: gazeti linaandika "1,6 billones" na "1.500 euros" kwenye ukurasa mmoja. Kamusi ninayo. Ninachotafuta ni namna ya kuliweka jambo ili mtu aliyekaa barazani na redio yake alielewe.

Kaole_Mtafsiri (Bagamoyo)

Ndugu yangu, la kwanza ni jepesi. Presidente del Gobierno ni Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi ni Mfalme Felipe VI, aliyeshika kiti Juni 2014 baba yake, Juan Carlos I, alipong'atuka. Wahispania humwita "presidente" yeyote anayekaa kiti cha mbele: presidenta wa Congreso (baraza la chini la Bunge) ni Spika, presidente wa comunidad ni mkuu wa serikali ya eneo, presidente wa klabu ni rais wa klabu, na hapo Kiswahili cha mpira kinakubali. Kila ukiliona neno hilo jiulize "presidente wa nini?" kabla hujafungua mdomo. Vichwa vya habari mara nyingi havisemi. Jibu liko aya ya pili.

Sasa, ukisema Waziri Mkuu ukaishia hapo, msikilizaji atamwona Waziri Mkuu wetu, anayeteuliwa na Rais kisha Bunge likamthibitisha. Wa Hispania yeye ndiye mwenye serikali, na raia hawampigii kura moja kwa moja. Wanachagua wabunge 350 wa Congreso. Mfalme huzungumza na vyama, hupendekeza jina, na wabunge hao hupiga kura inayoitwa investidura. Mimi huiita "kura ya kumpa mtu serikali". Raundi ya kwanza anahitaji kura 176. Akizikosa, baada ya saa 48 wanapiga tena, na hapo inatosha kura za ndiyo zizidi za hapana. Ikipita miezi miwili tangu kura ya kwanza na hakuna aliyefanikiwa, Bunge linavunjwa.

Mfano wa kuwapa ni uchaguzi wa 23 Julai 2023. PP, chama cha mrengo wa kulia, kilitoka cha kwanza kwa viti 137, na PSOE, chama cha kisoshalisti, cha pili kwa 121. Mtu wa hapa atasema mambo yamekwisha, PP wanaapishwa. Alberto Núñez Feijóo wa PP alijaribu Septemba, akapata 172, akakwama. Pedro Sánchez wa PSOE akakusanya vyama vidogo, vikiwemo vya maeneo ya Catalonia na Basque, na tarehe 16 Novemba akapita kwa 179 dhidi ya 171. Kura zile zilikuwa na bei, na bei hiyo ndiyo inayoeleza habari nyingi zilizofuata, hasa sheria ya msamaha kwa waliohusika na harakati za kuitenga Catalonia, iliyopita 30 Mei 2024 kwa 177 dhidi ya 172. Gazeti likiandika "no salen los números", maana yake kura hazitimii. Usiseme hesabu hazitoki.

Kura ya kutokuwa na imani nayo ina lake: huwezi kumwangusha mtu bila kutaja atakayekalia kiti chake. Ndivyo Bunge lilivyomwangusha Mariano Rajoy wa PP na kumpa Sánchez kiti katika upigaji kura ule ule wa 1 Juni 2018, kwa kura 180. Usipolieleza hilo, watu watauliza uchaguzi ulifanyika lini.

Comunidad autónoma usiiite mkoa. Mkoa kwetu una Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na Rais, na picha hiyo ndiyo itakayomjia mtu wa Ngamiani. Comunidad ina bunge lake la kuchaguliwa, serikali yake, mawaziri wake wanaoitwa consejeros (usije ukaandika washauri), na ndiyo inayoendesha hospitali na shule. Mfano ulio karibu na sisi ni Zanzibar, yenye Baraza la Wawakilishi na Serikali ya Mapinduzi, mambo ya Muungano huku na yasiyo ya Muungano kule. Halafu palepale useme mfano unakatikia wapi: huko ziko 17 zinazoenea nchi nzima, Madrid yenyewe ni mojawapo, hakuna upande wa "bara" uliobaki nje ya mpango huo. Ceuta na Melilla, miji yao iliyoko pwani ya Afrika, ina hadhi yake mbali.

Mimi natumia "eneo lenye serikali yake". Ni refu, ila halidanganyi. Neno mkoa lipe provincia, ambazo ni 50. Jimbo liache kwa jimbo la uchaguzi, na uchaguzi wa Congreso jimbo ni provincia nzima: mwaka 2023 Madrid ilikuwa na viti 37, Soria viwili. Mpiga kura anachagua orodha ya chama, hachagui jina la mtu. Na anayefanana kidogo na Mkuu wetu wa Mkoa ni Delegado del Gobierno, mtu wa serikali kuu ndani ya comunidad. Huyo hana serikali yake.

La mwisho kwangu ni majina ya mitaa. "Ferraz" ni makao makuu ya PSOE, "Génova" ya PP, "Moncloa" ni ofisi ya Waziri Mkuu, "Zarzuela" ni kwa Mfalme. Hili halikupi tabu, waambie ni kama sisi tunavyosema Lumumba tukimaanisha CCM. Moncloa tu usiiite Ikulu. Ikulu kwetu ni ya mkuu wa nchi, na mkuu wa nchi wa Hispania hakai pale.

Chumbageni_Sheria (Tanga)

Nianzie kwa Kaole alipoachia, niingie mahakamani, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuchafuliwa jina hewani kwa kosa la tafsiri.

Kwetu polisi wanapeleleza na Mkurugenzi wa Mashtaka anapeleka kesi. Hispania upelelezi wa jinai unaongozwa na hakimu, juez de instrucción. Ni hakimu mpelelezi, na siye atakayeamua kesi baadaye. Kwa hiyo habari ikisema hakimu amemwita waziri fulani kutoa maelezo, usitangaze kwamba waziri amefikishwa kizimbani. Kesi haijaanza. Inawezekana isianze kabisa.

Mtu anayechunguzwa anaitwa "investigado". Zamani waliandika "imputado". Sheria ilibadilisha neno mwaka 2015 kwa sababu watu walikuwa wanalisikia kama hatia, na magazeti mengine bado yanalitumia. Kwa Kiswahili sema "anachunguzwa na mahakama". Mshtakiwa lisubiri mpaka hakimu atoe amri ya kufungua kesi. Amri hiyo ndiyo "auto". Si gari, na si hukumu: ni amri ya mahakama yenye sababu zake, na hutolewa nyingi njiani. "Sentencia" ndiyo hukumu, hata kama inamwachia mtu huru, kwa hiyo usiitafsiri kuwa kifungo. Adhabu yenyewe ni "pena". "Fallo" ni ule uamuzi ndani ya hukumu: ana hatia au hana. Mara chache fallo inatangulia na maandishi ya hukumu yanafuata. Ilitokea 20 Novemba 2025, Mahakama ya Juu ilipotangaza kumtia hatiani Álvaro García Ortiz, aliyekuwa Fiscal General (mkuu wa waendesha mashtaka), na kumzuia kushika wadhifa huo kwa miaka miwili. Maandishi kamili yalikuja baadaye. Aliyesema hewani siku ile kwamba "hukumu inaeleza kuwa..." alieleza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma. Na Fiscal General mlinganishe na Mkurugenzi wa Mashtaka wetu, si na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

"Recurso" kwenye habari za mahakama ni rufaa. Kwingine ni rasilimali. "Firme" ni hukumu iliyomaliza rufaa. "Denunciar" ni kwenda kuripoti kosa polisi au mahakamani. "Condenar" ni kumtia mtu hatiani, lakini mwanasiasa akifanya hivyo amelaani tu.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi hatujakizoea: acusación popular. Raia yeyote au kikundi, hata kama hakuumizwa na kosa, kinaweza kuingia kwenye kesi ya jinai kama mshtaki. Vyama vya siasa na vikundi vya wanaharakati hukitumia sana. Ndiyo maana utasikia mwendesha mashtaka wa serikali ameomba kesi ifutwe na kesi bado inaendelea. Usipowaeleza hivi, msikilizaji ataona habari inajipinga.

Bandarini_T (Tanga)

Tarakimu. Nukta na mkato huko vimebadilishana kazi. "1.500 euros" ni euro elfu moja na mia tano, "3,5 %" ni asilimia tatu nukta tano. "Mil millones" ndiyo bilioni yetu. "Billón" ni milioni mara milioni, yaani trilioni.

Deni la serikali lilikuwa zaidi ya "1,6 billones" za euro mwaka 2024. Ukitangaza bilioni 1.6 umelipunguza mara elfu moja. Njia ya kujikagua ni kugawanya kwa idadi ya watu, ambao ni zaidi ya milioni 48. Trilioni 1.6 inakupa kama euro 33,000 kwa kichwa, inaingia akilini kwa nchi ya Ulaya. Bilioni 1.6 inakupa euro 33, bei ya chakula cha watu wawili mgahawani. Fanya hesabu hiyo kwa kila "billón" kabla ya kuingia studio.

Mvua wanaiandika kwa "litros por metro cuadrado". Lita moja kwa mita ya mraba ni milimita moja, kwa hiyo namba ibaki ile ile na useme milimita, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa wanavyosema hapa.

Ukosefu wa ajira una namba mbili zisizolingana, na zote ni za kweli. "Paro registrado" hutoka kila mwanzo wa mwezi: ni waliojiandikisha kwenye ofisi za ajira. "EPA" hutoka kila robo mwaka: ni utafiti wa kaya zilizochaguliwa, unaofanywa na taasisi ya takwimu, INE. Asilimia unayoisikia ikilinganishwa na nchi nyingine inatokana na EPA. Wapo pia "fijos discontinuos", watu wenye mkataba wa kudumu wanaofanya kazi kwa msimu, mfano hotelini wakati wa joto. Msimu ukiisha hawahesabiwi katika paro registrado hata kama wako nyumbani, na ubishi wa vyama kuhusu namba unaanzia hapo. Wiki ya ubishi huo taja umechukua namba ipi.

Saa: Madrid iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Visiwa vya Canaria viko nyuma zaidi kwa saa moja. Baraza la Mawaziri hukaa Jumanne, maswali kwa serikali ni Jumatano, na sheria mpya zinachapwa kwenye BOE, Gazeti lao la Serikali, linalosomwa bure mtandaoni. Ukifunga maandishi Ijumaa jioni hutakosa kikubwa.

Sahare_Pwani (Tanga)

Hakuna aliyegusa habari za vyombo vya bahari, na kwa wasikilizaji wa Pangani hilo ndilo watakalolisikiliza kwa makini kuliko mengine yote.

Magazeti yana maneno mawili, "patera" na "cayuco". Patera ni boti ndogo, chini ni bapa, kwa kawaida inatokea Morocco au Algeria. Cayuco ni mashua ndefu ya mbao ya wavuvi wa Senegal na Mauritania, omo imenyanyuka juu, inaendeshwa kwa mashine ya nje. Nimeona tafsiri zinazoiita mtumbwi, nyingine ngalawa. Mtu wa Pangani ukimwambia watu mia wamevuka bahari kwa mtumbwi hatakuamini, na ana haki: mtumbwi anaoujua unabeba watu wawili na nyavu. Ngalawa ina matengo pembeni, cayuco haina. Sema "mashua ndefu ya uvuvi". Oktoba 2023 moja ilifika El Hierro, kimojawapo cha visiwa vya Canaria, ikiwa na watu 320. Kutoka Senegal mpaka kule ni zaidi ya kilomita 1,000 za bahari kuu, na chombo kikikosea kile kisiwa, mbele yake ni Atlantiki tupu. Mwaka 2024 walioingia visiwa vya Canaria kwa njia hiyo walizidi 46,000. Mvuvi akipewa urefu wa njia, aina ya chombo na idadi ya watu, anaelewa hatari ile bila kuongezewa chumvi.

Na nakuomba, "wahamiaji haramu" usiliweke. Tumelizoea kwenye taarifa za habari, lakini haramu ni tendo au kitu. Binadamu hawi haramu. "Waliovuka bila vibali" inatosha. Vivyo hivyo "menas". Ni kifupi cha maneno ya kiofisi kuhusu watoto wa kigeni wasio na mlezi, ila siku hizi linatupwa kama tusi. Sema watoto. Wana umri chini ya miaka 18, hilo ndilo neno lao.

Kaole_Mtafsiri (Bagamoyo)

Sahare umenena. Niongeze "apagón" ya 28 Aprili 2025: usiiite mgao wa umeme. Mgao una ratiba. Ile ilikuwa gridi nzima ya Hispania bara na Ureno kuanguka ndani ya sekunde chache, saa sita na dakika 33 mchana kwa saa zao, saa saba na dakika 33 kwetu.

Matamshi, kwa kifupi, maana mpwani ana bahati hapa. Z, na C mbele ya e na i, ni "th" ya thelathini: Zaragoza ni Tharagotha. J, na G mbele ya e na i, ni "kh" ya kheri. Ñ ni "ny" kamili. H haitamkwi, V ni B, LL ni Y. Alama juu ya herufi ndiyo inayoonyesha mkazo, kwa hiyo Mazón ni Ma-THON, usiuvute mbele kama Kiswahili kinavyotaka. Majina ya Kikatalani yana sheria zake: Puigdemont ni Puch-de-MON.

Raskazone_Jioni (Tanga)

Mmenitoa mbali. Hii hapa aya niliyoiandika kwa ajili ya kipindi cha kumbukumbu ya mafuriko. Ikateni bila huruma:

"Rais wa Valencia alichelewa kutuma tahadhari, ambayo ilifika saa 20:11 usiku tarehe 29 Oktoba 2024, wakati kimbunga DANA kilipoua watu zaidi ya 220. Mvua ilifika lita 770 kwa mita ya mraba. Rais huyo alijiuzulu."

Chumbageni_Sheria (Tanga)

"Alichelewa" iondoe, umeshahukumu. Uchunguzi ulifunguliwa katika mahakama ya Catarroja, mji ulio karibu na jiji la Valencia. Eleza saa ambayo ujumbe ulitumwa na hali ya maji wakati huo, msikilizaji atapima mwenyewe. Taja pia kwamba idara ya hali ya hewa, ambayo ni ya serikali kuu, ilitoa onyo jekundu asubuhi ile, na kwamba kushughulikia dharura ni kazi ya serikali ya eneo. Mvutano wote wa kisiasa umesimama juu ya mgawanyo huo.

Kaole_Mtafsiri (Bagamoyo)

DANA si kimbunga. Watu wa pwani hii wanakikumbuka Hidaya cha Mei 2024, watafikiria upepo na mawimbi. DANA ni donge la hewa baridi lililojitenga juu angani. Likikaa juu ya hewa ya joto yenye unyevu wa Mediterania, mvua kubwa inaganda mahali pamoja kwa saa nyingi. Aliyeua ni maji. Tena Paiporta, mji ulioumia sana, mvua haikuwa kubwa pale penyewe. Maji yalishuka kwa korongo la Poyo, ambalo siku nyingi za mwaka ni kavu. Na Valencia ni tatu, jiji, mkoa na eneo lenye serikali yake, kwa hiyo taja ni ipi. Ningeisoma hivi:

"Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa iliganda juu ya milima ya mkoa wa Valencia, mashariki mwa Hispania. Mji wa Turís ulipata zaidi ya milimita 770 kwa siku moja. Maji yakashuka kwa makorongo mpaka miji ya chini, mingine ikiwa haijapata mvua ya maana. Idara ya hali ya hewa, iliyo chini ya serikali kuu, ilikuwa imetoa onyo jekundu asubuhi. Kuwaonya wananchi kwa simu ilikuwa kazi ya serikali ya eneo, na ujumbe wake ulitumwa saa mbili na dakika 11 usiku, kwetu saa nne na dakika 11. Wakati huo maji yalikuwa tayari ndani ya nyumba. Watu zaidi ya 220 walikufa. Carlos Mazón, aliyekuwa mkuu wa serikali ya eneo hilo, alitangaza kujiuzulu Novemba 2025. Uchunguzi ulifunguliwa katika mahakama ya Catarroja."

Hiyo ni kama dakika moja ukisoma taratibu. Baada ya "saa nne na dakika 11" vuta pumzi.